Jina la Shujaa: Chapa za Samurai za Japani Zikisomwa Kando ya Mto Tana

Utangulizi

Mpiganaji ni miongoni mwa wahusika wakongwe kabisa katika sanaa ya binadamu. Kila jamii iliyopata kupigana, na ni vigumu kuitaja ambayo haikupata kupigana, imemhifadhi mpiganaji wake katika chombo fulani: wimbo, utendi, kinyago, ukuta au karatasi. Chombo hicho huchagua. Huamua ni lipi katika maisha ya mpiganaji litakaloonekana na ni lipi litakalofichwa, na mwisho wake huamua kama mpiganaji huyo atakumbukwa kwa jina lake au atamezwa na jina la kundi.

Makala haya yanakusudia kuzitazama chapa za mbao za Japani zinazowasawiri samurai, na kuzitazama kutoka mahali ambapo kwa kawaida hazitazamwi: Garissa, na kwa jumla Kaskazini Mashariki ya Kenya. Uteuzi huo wa mahali una sababu. Hili ni eneo lenye utajiri mkubwa wa ushujaa wa kusimuliwa na uhaba mkubwa wa ushujaa wa kuchorwa. Picha nyingi za mpiganaji wake zimetengenezwa na watu wengine. Ni eneo, vilevile, ambalo neno "mpiganaji" halijawahi kuwa neno la vitabuni tu. Msomaji anayezifungua chapa za Kijapani akiwa mahali kama hapo hawezi kuridhika na sifa za rangi na mistari. Hana budi kuuliza: anayemsawiri shujaa hulifanyia nini jina lake?

Chapa na amani iliyozizaa

Picha zinazozungumziwa hapa ni tawi la sanaa iitwayo kwa Kijapani ukiyo-e, yaani picha za ulimwengu upitao. Zile zinazohusu wapiganaji huitwa musha-e. Zilistawi hasa katika jiji la Edo, ambalo leo ni Tokyo, wakati wa utawala wa ukoo wa Tokugawa (1603–1868). Chapa haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mchapishaji alitoa fedha na kuteua mada. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mti wa mcheri, akachonga mpaka mistari ya mchoraji ikabaki imeinuka. Mpiga chapa aliupaka ubao rangi, akaweka karatasi juu yake na kuisugua kwa mkono. Kuanzia mwaka 1765 kulienea chapa za rangi nyingi ambamo kila rangi ilihitaji ubao wake, na karatasi moja ilipitishwa juu ya bao zote bila mstari kukosea mahali pake. Bidhaa hiyo iliuzwa madukani kwa bei ambayo fundi au mchuuzi wa mjini aliimudu.

Jambo la kwanza la kuzingatiwa ni kwamba sanaa hii ya vita ni zao la amani. Baada ya ngome ya Osaka kuanguka mwaka 1615 na uasi wa Shimabara kuzimwa mwaka 1638, Japani ilikaa zaidi ya karne mbili bila vita vikubwa vya ndani. Samurai aliendelea kuchomeka panga mbili kiunoni, lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa ya karani, mkaguzi wa ghala la mpunga au mwandishi wa barua za bwana wake. Wengi walizeeka bila kuchomoa upanga kwa hasira. Kadiri ushujaa ulivyopungua katika maisha ndivyo ulivyozidi kwenye karatasi. Utagawa Kuniyoshi, ambaye alifariki mwaka 1861, alijipatia umaarufu kuanzia mwaka 1827 kwa mfululizo wa picha za mashujaa 108 wa riwaya ya kale ya Kichina ijulikanayo Japani kwa jina la Suikoden. Mashujaa hao walikuwa majambazi: watu waliowakimbia watawala dhalimu na kujificha kwenye vinamasi. Wanunuzi wa Edo, waliokuwa chini ya serikali iliyopanga mpaka nguo za kuvaa, waliwapenda majambazi hao kupita kiasi. Msomaji wa Garissa aliweke akilini suala hili la jambazi apendwaye, maana litarejea.

Jambo la pili ni kwamba chapa hizi zimesimama juu ya fasihi simulizi. Chimbuko la visa vingi ni Heike Monogatari, masimulizi ya vita vya miaka ya 1180 hadi 1185 baina ya koo za Taira na Minamoto, ambayo yalienezwa na waghani vipofu waliopiga ala ya nyuzi iitwayo biwa. Katika masimulizi hayo mpiganaji hamvamii adui kimyakimya. Kwanza husogeza farasi mbele, akapaza sauti na kujitaja: jina lake, la baba yake, la babu zake, mahali atokako na matendo ya ukoo wake. Desturi hiyo huitwa nanori. Mhakiki wa fasihi ya Kiafrika hahitaji mkalimani hapa, kwa kuwa hayo ni majigambo, utanzu uleule anaokutana nao katika vivugo vya Wahaya na katika tungo za kujisifu anazonasibishwa nazo Fumo Liyongo. Chapa ya mbao iliipokea desturi hiyo kwa namna yake. Karibu na kichwa cha kila mpiganaji mna kisanduku kidogo kilichoandikwa jina lake. Hata pale watu thelathini wanapogongana katika karatasi tatu zilizounganishwa, miguu ya farasi ikichanganyika na mikuki, kila mwenye nafasi katika kisa ana kisanduku chake. Machafuko ya vita hayaruhusiwi kulifuta jina.

Sheria na jina

Ni kwa sababu ya uzito huo wa jina kwamba serikali ya Tokugawa ililiogopa. Ukoo huo ulichukua madaraka kwa vita vya mwisho wa karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17, na haukutaka vita hivyo vijadiliwe sokoni. Wachapishaji walikatazwa kutaja majina na nembo za koo za wapiganaji wa kipindi hicho na baada yake. Mwaka 1804 mchoraji mashuhuri Kitagawa Utamaro aliadhibiwa kwa kufungwa pingu siku 50 baada ya kumchora Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyekuwa amekufa tangu mwaka 1598. Aliyechorwa alikuwa na miaka zaidi ya mia mbili kaburini. Aliyechora akafungwa mikono, yaani kiungo kilekile kilichotenda kosa.

Sanaa ilijibu kwa hila. Mwaka 1701 bwana mmoja wa eneo la Ako alilazimishwa kujiua kwa kosa la kuchomoa upanga katika kasri la shogun, na mwanzoni mwa mwaka 1703 watumishi wake 47 waliobaki bila bwana walimlipizia kisasi, kisha wakaamriwa nao wajiue. Kisa hicho hakikuruhusiwa kuigizwa kwa majina halisi. Tamthilia iliyokipa umaarufu mkubwa, Kanadehon Chushingura ya mwaka 1748, ilikirudisha nyuma mpaka karne ya 14 na kumwita kiongozi wao Oboshi Yuranosuke badala ya Oishi Kuranosuke. Kuniyoshi alipotoa mfululizo wake juu ya watu hao mwaka 1847, aliyafuata majina hayo yaliyopindwa, na juu ya kila picha pakachapwa maelezo mafupi ya maisha ya mhusika. Kila mnunuzi alijua nani ni nani. Jina lilifichwa ili lipate kusemwa.

Mwanafunzi wake Kuniyoshi, Tsukioka Yoshitoshi (1839–1892), aliirithi mbinu hiyo katika wakati mgumu zaidi. Mwaka 1868, utawala wa shogun ulipokuwa ukiporomoka, jeshi la Mfalme liliwashambulia watiifu wa mwisho wa shogun katika mtaa wa Ueno, mjini Edo. Yoshitoshi alikwenda kujionea. Mfululizo alioutoa mwaka huo na uliofuata una majina ya wapiganaji wa zamani, lakini damu iliyomo ni ya Ueno: mtu anayenywa maji huku akivuja jeraha, mwingine anayeegemea bunduki macho yakiwa yameshaanza kupotea. Picha hizi hazina majigambo. Mpiganaji amekwisha kujitaja. Kinachobaki ni mwili. Mwaka 1876 serikali mpya ilipiga marufuku kubeba panga hadharani, na mwaka uliofuata uasi wa Saigo Takamori, ambao ulikuwa wa mwisho mkubwa wa samurai, ulizimwa huko Kagoshima. Tabaka lililochorwa kwa karne mbili lilikwisha kabla ya soko la picha zake kwisha.

Mchongaji wa Lamu na shujaa asiyechongwa

Mto Tana unaopita Garissa humwaga maji yake baharini karibu na Kipini, na huko, katika nchi ya Ozi, mapokeo yanamweka Fumo Liyongo na kaburi lake. Hivyo basi, shujaa mkuu wa utendi wa Kiswahili ni jirani wa Garissa kwa njia ya mto. Ujirani huo unaonekana ndani ya utendi wenyewe. Wagala wanaomwoza Liyongo mke ili wapate mbegu ya ushujaa wake ni watu ambao Waorma wa leo wa bonde la Tana wanahesabiwa kuwa wazawa wao. Watwa, wawindaji wa mwituni wanaohongwa na Sultani wa Pate wamuue, wanafanana na Waboni, yaani Waaweer, wanaoishi katika misitu ya mpakani mwa Lamu na Garissa. Hata mkoma, mti ambao Watwa walipanga kumfuma Liyongo atakapoupanda, ni mti wa kawaida wa kingo za Tana. Liyongo hakuupanda, aliziangusha koma kwa mshale akiwa chini.

Utendi huo uliandikwa mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa wa Lamu. Hapa pana jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Kijumwa alikuwa malenga na mwandishi wa hati nzuri, na alikuwa pia fundi wa kuchonga mbao. Mkono ulioandika kifo cha Liyongo ulijua patasi. Lau Kijumwa angekuwa fundi wa Edo, angeweza kumchonga Liyongo juu ya ubao, upinde mkononi, na jina lake katika kisanduku. Hakumchonga. Uchongaji wa Lamu, kwa kufuata mapokeo ya Kiislamu ya kujiepusha na sura za viumbe, ulijaza milango maua, majani, minyororo na maandishi. Shujaa alikaa katika ubeti. Kwa hiyo katika mji uleule, na pengine katika karakana ileile, kulikuwa na mgawanyo wa kazi: ubao ulipewa pambo, shairi likapewa mtu.

Hata hivyo shairi hilo limechonga. Liyongo anachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe aliyehongwa. Anaamka na jeraha, anachukua upinde, anatoka hadi karibu na kisima, anapiga goti, anapachika mshale na kufa katika hali hiyo. Watu wanamwona wakidhani yu hai. Siku zinapita, kisima hakifikiki, mji unaingia kiu. Anaombwa mama yake amwendee na kumtuliza kwa utungo, na hata yeye kwanza hajui kwamba anamwimbia maiti, mpaka mwili unapoanguka wenyewe.

Japani inalo tukio linalokaribia kulingana na hilo. Mwaka 1189, kwa mujibu wa mapokeo, mtawa mpiganaji Benkei alisimama peke yake kumlinda bwana wake Yoshitsune huko Koromogawa. Mishale ilimwenea mwilini, akafa akiwa wima, na maadui wakaogopa kumkaribia mpaka alipoanguka. Benkei ni miongoni mwa wahusika waliochorwa mara nyingi zaidi katika musha-e. Hakuna sababu ya kudhani kwamba kisa kimoja kimezaa kingine. Kinachofaa kuchunguzwa ni kile ambacho visa hivi viwili vinakijua kwa pamoja: shujaa akifa bila kuanguka, huwa picha. Mwili unaendelea kutisha bila roho. Tofauti yao nayo ni kubwa. Benkei aliyekufa wima analinda mlango wa bwana wake. Kifo chake ni utumishi uliokamilika. Liyongo aliyekufa akipiga goti anawazuilia maji watu wake mwenyewe. Utendi wa Kiswahili unathubutu kusema kwamba taswira ya shujaa, ikiachwa bila kukaribiwa, inaweza kuunyima mji uhai.

Farasi, ukoo na kaseti

Ukiacha mto na kuingia nyika ya Garissa, Wajir na Mandera, shujaa anabadilisha lugha. Anaishi katika ushairi wa Kisomali, hasa gabay na geeraar. Geeraar, ambayo mishororo yake ni mifupi na ya kasi, ilihusishwa zamani na vita na ilighanwa juu ya farasi. Kanuni ya fani ni kali: sauti moja ya mwanzo lazima irejee katika shairi zima. Andrzejewski na Lewis walipochapisha utangulizi wao wa ushairi huu mwaka 1964, na Said Samatar alipochambua mwaka 1982 nafasi yake katika utaifa wa Wasomali, wote walisisitiza kwamba shairi ni mali yenye mwenyewe. Mghani aliyelikariri ana wajibu wa kumtaja mtunzi na kutobadilisha neno lake. Hili linafaa kukumbushwa mbele ya wale waliozoea kudai kwamba kazi ya fasihi simulizi daima haina mwenyewe.

Sayyid Muhammad Abdullah Hassan, aliyepigana na Waingereza, Waitalia na Wahabeshi kwa miaka 20 hadi alipofariki mwishoni mwa mwaka 1920, ni mfano ulio wazi kuliko wote. Shairi lake juu ya Richard Corfield, afisa wa Kiingereza aliyeuawa Dul Madoba tarehe 9 Agosti 1913, linamzungumzisha marehemu na kumpa ujumbe wa kupeleka kuzimu. Kwa mizani ya ubinadamu wa leo ni shairi la ukatili. Lakini ndani ya ukatili huo adui ana jina, na jina lake limeumbwa upya ili likae katika ulimi wa Kisomali. Msomaji anaona tena kisanduku cha Kuniyoshi: hata anayeuawa anatajwa.

Isitoshe, jina katika jamii hiyo halisimami peke yake. Mtoto hufundishwa kuhesabu mababu zake, kizazi baada ya kizazi, hesabu iitwayo abtirsiinyo. Samurai wa Heike anayejitaja mbele ya adui na mfugaji anayejitaja kisimani wanafanya kitendo kimoja: wanajiweka mahali ambapo wanaweza kudaiwa. Kwa mwenye ukoo unaojulikana, heshima ina anwani, na kosa lina mlipaji.

Chapa za Edo zilikuwa rahisi, nyepesi na za kuzidishwa. Nyikani kifaa kilichofanya kazi kama hiyo katika miaka ya 1970 na 1980 kilikuwa kaseti. Shairi liliweza kurekodiwa, likanakiliwa na kusafirishwa kwa lori kutoka mji hadi mji, likasikika katika hoteli na madukani. Sanaa ambayo ingedhaniwa kufungwa katika kumbukumbu za wazee ilipata kiwanda chake, kama masimulizi ya vipofu wa biwa yalivyopata ubao.

Picha bila jina

Picha ya jicho ilikuja Garissa kwa mkono wa mgeni. Mwaka 1942, katika mji huu, Joy Bally, mchoraji mzaliwa wa Austria aliyefika Kenya mwaka 1937, alikutana na George Adamson, askari wa wanyamapori, ambaye baadaye alimwoa. Ulimwengu unamjua kwa simba wake. Lakini kabla ya simba aliajiriwa na serikali ya kikoloni achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi, na akatengeneza mamia ya picha. Sehemu yake ilichapishwa mwaka 1967 katika kitabu The Peoples of Kenya. Ustadi wake haukanushiki. Shanga zimehesabiwa, na mkunjo wa shuka umefuatwa mpaka mwisho wake. Lakini mpangilio wa kazi nzima ni wa makabila, na msukumo wake ulikuwa kuhifadhi kinachodhaniwa kinatoweka. Mtu ameketi mbele ya mchoraji akiwa na baba, babu na madeni yake. Anaondoka akiwa mfano wa kabila. Kuniyoshi aliwapa uso wa kila mmoja watu asiopata kuwaona. Adamson aliwaona kwa macho watu ambao mradi wake haukudai kuwajua.

Neno lililofuata lilikuwa baya zaidi. Tume ya mwaka 1962 ilikuta kwamba wengi wa wakaazi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walitaka kujiunga na Somalia. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi huo haujaisha hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hilo. Vita vilivyoendelea mpaka makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 vimebaki katika historia kwa jina la shifta, neno la Kihabeshi lenye maana ya jambazi. Vita vinavyoitwa kwa jina la jambazi havina samurai. Havina hata Suikoden, kwa kuwa majambazi wa Suikoden wana majina 108, kila mmoja na silaha yake, michoro ya mwilini mwake na sababu iliyomkimbiza nyumbani. Shifta ni umoja na wingi kwa wakati mmoja: ni yeyote. Na kwa kuwa ni yeyote, mfugaji aliyekutwa na mifugo yake njiani aliweza kuwa yeye.

Matokeo ya kukosa jina yalionekana hata baada ya vita. Hali ya hatari haikuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1991. Katikati ya kipindi hicho kulitokea mauaji ya Bulla Kartasi, Garissa, Novemba 1980, na ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984. Kuhusu Wagalla, serikali ya wakati huo ilitaja watu 57. Wenyeji wanataja idadi inayozidi hiyo mara nyingi. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 iliyatambua mauaji hayo hadharani. Mabishano ya idadi yana maana yake katika uhakiki huu. Watu hubishania hesabu pale ambapo majina hayakuandikwa.

Uzuri wa hatari

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kudai kwamba Garissa inahitaji Kuniyoshi wake. Dai hilo lingesahau nusu ya historia ya chapa. Vita vya Japani na Uchina vilipozuka mwaka 1894, wachapishaji walitoa picha za vita kwa wingi mno. Mistari ilikuwa ileile na ustadi uleule, ila sasa askari wa Japani wote ni warefu na watulivu, na Wachina ni vurugu ya miili inayoanguka. Taifa lililokuwa limewanyang'anya samurai panga zao liliwarithi taswira yao na kumvisha kila askari wa kulazimishwa. Nusu karne baadaye ua la mcheri, pambo la kale la kifo cha mpiganaji kijana, liliwekwa kama nembo kwenye ndege za vijana waliotumwa kujilipua juu ya meli. Katika picha za aina hiyo uzuri hauombolezi kifo, unakiagiza.

Garissa inalijua hilo bila kufundishwa. Tarehe 2 Aprili 2015 wapiganaji wa Al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Wauaji hao nao wana sanaa yao: kanda za video na nyimbo zinazomwonyesha kijana mwenye bunduki akiwa mrefu na mtulivu. Jibu lenye nguvu zaidi la kisanaa lililotolewa na Wakenya siku zile lilikuwa jepesi kuliko shairi lolote. Walianza kuyataja majina ya waliouawa, mmoja mmoja, pamoja na picha zao na kile walichokuwa wakisomea, wakikataa wabaki kuwa idadi. Kisanduku cha jina kilihama kutoka kichwani pa mpiganaji kikawekwa kichwani pa aliyekuwa amekaa na daftari.

Hapo ndipo kipimo cha makala haya kinapopatikana. Thamani ya taswira ya shujaa haiwezi kupimwa kwa wingi wa damu, wala kwa uchache wake. Yoshitoshi ana damu nyingi na haagizi mtu kufa. Inapimwa kwa jinsi inavyoligawa jina. Taswira inayompa jina shujaa peke yake na kuwaacha wanaomzunguka wakiwa lundo la miili ni mwanzo wa propaganda hata kama imechorwa vizuri. Taswira inayomtaja anayeua na anayeuawa, na kuwafanya wote wawili wadaiwe na wadai, imeingia katika mlango wa tanzia.

Hitimisho

Zipo kazi kadhaa zinazowangoja wahakiki wa eneo hili. Mashairi ya Kisomali yaliyotungwa na kughanwa Garissa, Wajir na Mandera tangu mwaka 1963 yanahitaji kukusanywa yakiwa na majina ya watunzi wake, kama mapokeo yenyewe yanavyodai, na kufasiriwa kwa Kiswahili kabla kaseti hazijaoza. Utendi wa Liyongo unafaa kusomwa kutoka upande wa bara, kwa macho ya Waorma na Waaweer ambao utendi unawapa nafasi ya wahongwa na wakwe. Na chapa za Kijapani zinafaa kufundishwa kama fasihi, kwa kuwa kila moja ni ubeti wenye sura.

Katika kazi zote hizo mfano mwema wa mhakiki ni yule mama wa Liyongo. Mji mzima ulimwona mtu mwenye upinde na kurudi nyuma na ndoo tupu. Yeye alikwenda, siku baada ya siku, akamwita mwanawe kwa jina na kwa utungo, bila kujua kama angejibiwa kwa neno au kwa mshale. Maji yalipatikana baada ya hapo.